Uji wa Arobaini

Vidole vya Bi Munyiva vilijua kabla ya moyo wake kukubali. Ilikuwa asubuhi ya siku ya tano tangu Firdaus, mke wa mwanawe, ajifungue, naye alikuwa akimkanda kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, kama inavyopasa mzazi kukandwa kila siku hadi arobaini yake itimie. Aliteremsha mkono kutoka begani, akapita kwapani, na alipofika ubavuni mwa titi la kushoto, vidole vikasimama. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kigumu, ukubwa wake kama gololi wanayochezea watoto. Hakikuteleza kama yanavyoteleza mafundo ya maziwa. Kilikuwa kimeshika mahali pake.

"Mama, mbona umenyamaza?" Firdaus aliuliza, macho ameyafumba.

"Naleta uradi."

"Na hapo umerudia mara tatu. Pana nini?"

"Maziwa yameganda. Yatatoka mtoto akizidi kunyonya."

Akaivuta leso, akamfunika. Uongo ule ulikuwa mfupi, nao ulitoka kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe. Hakutaka kuitia nyumba hofu ilhali akika haijachinjwa na mtoto hajatangaziwa jina. Alijiambia kwamba atangoja siku ya saba ipite, kisha atasema. Baada ya hapo akaenda jikoni kukoroga uji.

Uji huo ndio uliokuwa ukiwalisha. Tangu awe mjane, Bi Munyiva alikuwa akichanganya wimbi, mahindi meupe, njugu na soya aliyoikaanga kwa mkono wake hadi ikanukia kama kahawa, akavisagisha kwenye mashine ya posho, akavifunga katika pakiti na kuuza mlangoni pake. Mji wa Machakos uliujua unga wa Mama Zaki, kama alivyoitwa kwa jina la mwanawe. Wanawake wenye mimba na waliojifungua waliutafuta kwa ajili ya maziwa, naye hakuwa na tangazo jingine ila mke wa mwanawe.

"Mtazameni Firdaus," aliwaambia wanunuzi. "Tangu mimba ya miezi sita anakunywa bakuli mbili kwa siku. Mtoto ananyonya mpaka maziwa yanamwagika shingoni."

Nao walimtazama, wakanunua.

Siku ya saba ilipita. Mbuzi alichinjwa, mtoto wa kike akaitwa Sumeya, wageni wakala wakaomba dua. Bi Munyiva hakusema.

*

Siku ya kumi na mbili, Kanini alipiga hodi. Alikuwa fundi cherehani wa chumba cha pili, mwenye mimba ya miezi saba, na mikononi alishika pakiti tatu za unga, moja ikiwa imeshafunguliwa.

"Mama Zaki, nimekurudishia unga yako."

"Umeingia wadudu?"

"Hapana, mwaitu." Alilitumia neno hilo la Kikamba, ambalo kwalo mtu humwita mama kwa heshima, lakini macho yake hayakutoka kwenye kizingiti. "Unga iko sawa. Ni vile kwa redio jana kulikuwa na mtu anaongea mambo ya afya. Amesema soya iko na kitu inafanana na ile homoni ya wanawake. Ikiingia inaenda kwa matiti. Wamepea panya, hao panya wakashikwa na kansa."

"Panya?"

"Panya, mwaitu. Sasa mimi niko na mimba, na mama yangu mdogo alikufa na hiyo ugonjwa. Unielewe tu."

"Nimekuelewa. Ngoja nikurudishie pesa zako."

"Aii, pesa wacha. Ningetupa, nikaona ni dhambi kutupa chakula." Kanini akaziweka pakiti chini, kisha akajaribu kuuondoa uzito uliokuwa baina yao. "Si uuzie wanaume? Hao hata wakifura matiti hakuna mtu atajua."

Alicheka peke yake, akaondoka. Kabla ya Ijumaa pakiti nyingine zilirudi. Baadhi ya wenyewe walizungumza. Wengine waliziacha mlangoni kama mtu anavyomwacha paka asiyemtaka, wakaenda zao bila hodi.

Bi Munyiva alizikusanya, akazipanga chini ya kitanda. Haikuwa hasara ya unga iliyomsumbua. Alipoketi juu ya kitanda hicho alikuwa akiwaza bakuli mbili kwa siku, tangu mwezi wa sita wa mimba, alizozikoroga mwenyewe na kuzipeleka kwa mkono wake; na kila mara Firdaus alipotaka kusaza, yeye ndiye aliyesema, "Malizia, mwanangu, ni kwa faida yako." Kama maneno ya redio ni kweli, basi ile gololi aliipanda yeye.

Tangu mchana huo alipika uji wa wimbi mtupu, akazidisha sukari.

"Mama, uji umebadilika," Firdaus alisema.

"Soya imeadimika. Hata Tala sokoni hakuna."

Hesabu aliyojiwekea moyoni ilikuwa nyepesi: ikiwa soya ndiyo iliyoukuza uvimbe, kukosekana kwake kutaupunguza, na ukipungua ukaisha, hapatakuwa na neno la kumwambia mtu. Kila alfajiri aliomba juu ya mswala hadi magoti yakafa ganzi. Kila asubuhi, kwa kisingizio cha kukanda, alipima. Siku ya ishirini aliona umepungua, akamshukuru Mungu kwa machozi. Siku ya ishirini na moja ulikuwa vilevile. Siku ya thelathini kidole chake cha shahada kilimwambia jambo asilolitaka, akaacha kukitumia, akawa anapimia kidole gumba, ambacho ni kinene na husema machache.

*

Arobaini ilitimia Jumamosi. Zaki, mume wa Firdaus, aliomba ruhusa kwa taabu katika kiwanda cha nguo cha EPZ, Athi River, akaja nyumbani tangu Ijumaa. Maulidi yakasomwa, wanawake wakala pilau na kuondoka. Baada ya sala ya alasiri walibaki watu wa nyumbani pamoja na Habibu, kaka mkubwa wa Firdaus, muuza mitumba wa Tala, aliyemlea dada yake tangu wafiwe na wazazi.

Habibu hakuwa amegusa pilau. Alitoa katika mfuko wa kanzu kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, akampa Zaki.

"Shemeji, wewe ulisoma. Hebu soma."

Zaki alisoma kimya, midomo ikichezacheza. Kilieleza habari za soya na matiti ya wanawake.

"Wanasema 'huenda'," alisema alipomaliza. "Huenda, huenda. Hakuna pahali wamesema ni lazima."

"Na uvimbe wa dada yangu, huo nao ni huenda?"

Zaki aligeuka. "Uvimbe gani?"

"Nilikwambia kwa simu," Firdaus alijibu kwa sauti ndogo, mtoto akiwa mapajani. "Nikasema titi lina fundo. Ukaniambia nimuulize mama, yeye amezaa. Nikamuuliza. Akasema ni maziwa. Ndipo nikamwambia kaka."

Bi Munyiva alikuwa akifuta sinia lililokwisha kukauka. Aliendelea kulifuta.

"Mama Zaki," Habibu akasema, "umemfanya dada yangu tangazo la biashara. Kila apitaye mlangoni, mtazame Firdaus, mtazame Firdaus. Haya, na tumtazame sasa."

"Habibu, punguza sauti," Zaki alisihi. "Majirani."

"Majirani gani? Wao walirudisha unga zamani! Nimepita hapo kwa fundi ameniambia. Watu wa nje walikuwa na habari, sisi wa ndani tunaletewa pilau." Akasimama, akaelekea kwenye rafu, akautoa msahafu katika mfuko wake wa kitambaa. "Sitaki ugomvi. Nataka neno moja. Mama Zaki aushike huu aape kwamba hakujua. Akiapa, nambusu mkono mbele yenu na kumwomba radhi. Asipoapa, dada yangu na mtoto wanaondoka nami leo."

"Kaka, usimwapishe mtu mzima," Firdaus alisema. Hata hivyo, alipokwisha kusema alimtazama Bi Munyiva, naye hakuyaondoa macho yake.

"Nitatia udhu kwanza," Bi Munyiva akasema.

Alitoka hadi kwenye mfereji wa uani. Maji yalikuwa yakitoka kwa uzi mwembamba, na hilo likampa muda. Alipokuwa akiosha mikono alianza kuitunga ile sentensi; alipofika kwenye uso ilikuwa imekamilika. *Wallahi, sikujua kwamba soya ina madhara.* Ilikuwa kweli tupu. Hakuna mwanachuoni ambaye angeikuta na kasoro. Habibu angesikia alichotaka kusikia, Zaki angepumua, na msahafu usingekuwa umebeba uongo wa herufi moja. Alipaka maji kichwani, akaosha miguu. Alijiona kama mwanamke aliyeshona nguo ya kumtosha barabara.

Akarudi, akaketi, akaweka kiganja juu ya jalada. Ikasikika sauti ya mtoto akimeza.

"Wallahi," alianza.

Kiganja kilikuwa bado kibichi. Chini yake jalada lilikuwa gumu, na ugumu ule ukamkumbusha ugumu mwingine. Aliinua macho akamwona Firdaus anamngoja, si kama mtu angojaye kuthibitisha kosa, bali kama mgonjwa angojaye kuambiwa kwamba si mgonjwa. Akauondoa mkono.

"Siapi."

"Mmesikia!" Habibu alipiga kofi pajani.

"Tulia, sijamaliza. Kuhusu soya ningeweza kuapa, na kiapo changu kingesimama, kwa sababu sikuijua. Lakini hilo silo unaloniuliza. Uvimbe niliujua. Siku ya tano, kwa vidole hivi. Nikasema ni maziwa, na moyoni nilijua si maziwa. Soya haikuadimika Tala. Niliiondoa kwenye uji wako, Firdaus, kwa siri, nikawa nakupima kila asubuhi nione kama unapungua."

Zaki alishika kichwa. Aliyesema ni Firdaus.

"Ulipungua?"

"La," Bi Munyiva akajibu. "Umekua."

Firdaus alimtoa mtoto kifuani taratibu, akajifunika.

"Kusanya vitu," Habibu alimwambia. "Twende Tala."

"Tala kuna nini, kaka? Nguo za mitumba?" Aliinuka. "Nataka hospitali."

*

Daktari Nzioka alikuwa mtu wa miaka hamsini, sauti ya chini, asiye na haraka. Firdaus hakuridhika kuwa nyuma ya pazia na mwanamume asiye mumewe wala maharimu wake peke yao; Zaki alikuwa amerudi kazini, Habibu amerudi Tala, na siku hiyo hapakuwa na mwanamke mwingine wa kusimama naye. Kwa hiyo Bi Munyiva ndiye aliyesimama, mtoto mkononi, akitazama ukuta, huku mwenye titi hajamsemesha tangu jana.

"Hii imeonekana lini?" daktari aliuliza.

"Juma lililopita," Firdaus alisema.

Kumbe alikuwa akimsitiri. Bi Munyiva alihisi sitara hiyo ikimchoma kuliko maneno yote ya Habibu.

"Siku thelathini na sita zilizopita," akasahihisha. "Ni mimi niliyeiona, daktari, nikaificha."

Daktari alikata alichokuwa ameandika, akaandika upya. Kisha akaingiza sindano, akavuta, akaeleza kwamba majibu yatatoka baada ya siku kumi.

"Daktari," Bi Munyiva aliuliza walipokwisha toka nyuma ya pazia, "nilimpa uji wa soya tangu mimba ya miezi sita. Bakuli mbili kila siku."

"Ndiyo, mama. Siku hizi kila mtu ananiuliza hiyo soya." Daktari alivua miwani. "Ni kweli iko na kitu kinafanana na homoni ya wanawake, lakini ni dhaifu sana. Kuna panya wa maabara walipewa kwa wingi, uvimbe ukakua. Na kuna nchi huko Asia wanawake wanakula soya tangu wakiwa watoto, na ugonjwa huu kwao ni kidogo kuliko kwingine. Bado watu wanabishana. Akiwa na ugonjwa, mimi nitamwambia asimeze vidonge vya soya vinavyouzwa kwa chemist, hiyo ni tahadhari tu. Lakini bakuli la uji? Sijaona wa kunionyesha mtu ameugua juu ya bakuli la uji. Na uvimbe wa ukubwa huu hauoti kwa miezi minne. Ulikuwako kabla ya uji wako, labda miaka."

"Kwa hiyo si uji."

"Sioni sababu ya kulaumu uji."

Kwa mwezi mzima Bi Munyiva alikuwa ameyaomba maneno hayo juu ya mswala. Sasa ameyapata, na hayakumpa nafuu. Soya ilikuwa imesimama baina yake na jambo jingine. Ilipoondolewa, likabaki lile jambo lenyewe. Alitamani uji uwe na hatia. Kwa uji angeweza kusema hakujua.

*

Siku kumi zile Firdaus alimwitikia salamu na si zaidi. Alijipikia, akajifulia. Mtoto alipolia usiku au mchana, Bi Munyiva aliinuka hadi mlangoni mwa chumba, akasimama, akarudi.

Siku ya majibu walikwenda wote. Jina lilipoitwa, Firdaus alianza kuinuka, lakini Habibu akamwahi.

"Kaa, unanyonyesha. Tutaingia mimi na shemeji."

Wanawake wakabaki kwenye benchi ya ukumbini. Mlango ulifungwa, ukakaa umefungwa. Ulipofunguliwa Habibu alitoka mbele, uso umekunjuka kwa tabasamu.

"Si nilikwambia? Kauvimbe tu ka maziwa. Alhamisi watakufanyia operesheni ndogo, wakatoe, mambo yaishe."

"Wallahi?"

"Mbona unaniapisha, mimi kakako?" alicheka. "Au hutaki kupona?"

Firdaus naye akacheka, kicheko chembamba kilichochanganyika na kilio, akambusu mtoto utosini. Lilikuwa tabasamu la kwanza kuonekana usoni pake tangu arobaini. Zaki alikuwa ameshapita bila kumtazama mtu, akaelekea kwenye mfereji wa nje. Bi Munyiva alimfuata, akamkuta ameacha maji yanamwagika mikononi bila kunawa.

"Ni nini?"

"Mama, tafadhali."

"Zaki."

"Ni kansa," akasema. "Watatoa titi lote. Halafu Nairobi, dawa za kuingizwa kwa mshipa. Na mtoto ataachishwa. Habibu amesema tusimwambie saa hii, hofu itamkausha. Tumwambie akishatoka operesheni."

"Aamke akute halipo?"

Zaki aliyatazama maji.

"Na daktari amesema nini?"

"Amesema tumwite aingie. Tukamwambia tutamweleza wenyewe."

Bi Munyiva aliufunga mfereji. Kutoka hapo aliliona benchi, na Firdaus akimchezesha mtoto vidole. Hakuna aliyemtaka aseme. Safari hii kunyamaza kwake kungekuwa kwa idhini ya wote, na kungeitwa huruma. Akisema, mwanawe atamwona amemsaliti, Habibu atapata la kumsimulia maisha, na tabasamu lile litakufa kwa kinywa kilekile kilichokwisha kusema *maziwa*. Alirudi, akaketi kwenye ncha ya benchi.

"Firdaus, si maziwa."

"Wewe mwanamke," Habibu alisema kwa meno, "hujatosheka?"

"Daktari anayo karatasi yenye majibu yako. Ni ugonjwa wenyewe. Wanataka kutoa titi zima. Ingia ukamuulize, usinisadiki mimi."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo usoni, kama mgeni asiyejua kwamba ameombwa atoke. Firdaus alimtazama kaka yake, ambaye ghafla alikuwa na jambo la kutafuta katika mfuko wa kanzu. Akamtazama mumewe, aliyekuwa ameegemea nguzo huku maji yakimdondoka mikononi. Akasimama na mtoto wake, akabisha mlango wa daktari, akaingia peke yake, pasipo mtu wa kusimama naye nyuma ya pazia.

Alikaa robo saa. Habibu hakuacha kunung'unika kwamba kuna watu Mungu amewaumba bila huruma. Zaki alilia kimyakimya. Bi Munyiva hakujitetea, kwa kuwa hakuwa na hakika kwamba alitenda jema. Alijua tu kwamba hakuweza kulifanya lile jingine mara ya pili.

Firdaus alipotoka macho yalikuwa mekundu na makavu. Mkononi alikuwa na fomu.

"Ni Alhamisi, saa mbili asubuhi," alisema. "Nimeweka sahihi mwenyewe. Hapa chini wanataka jina la mwanamke mmoja wa kukaa nami wodini. Yeye ndiye atakayekuwa akipewa habari na daktari, mimi nikiwa sijiwezi."

"Mke wangu atakuja," Habibu akasema mara moja. "Leo namtumia salamu Tala."

"Nimeshaandika. Mama Zaki."

"Huyu?" Habibu alimwonyesha kwa kidole. "Aliyekuficha zaidi ya mwezi?"

Firdaus aliikunja fomu. Hakumtazama Bi Munyiva, wala hakusema kwamba amemsamehe.

"Huyu," akajibu. "Yeye ameshaona uongo unafikia wapi. Nyinyi ndiyo kwanza mnaanza."